Kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980: ilitumia televisheni na kaseti, na kwa nini haikufika kwetu

Mtu akitaja kompyuta, wengi wetu hapa Karagwe na Kyerwa tunafikiria ofisi: halmashauri, benki, au steshenari ya Kayanga au Nkwenda unakopeleka barua yako ikachapwe. Lakini zaidi ya miaka 40 iliyopita, katika nchi kadhaa, kulikuwa na kompyuta iliyotengenezwa kukaa sebuleni. Haikuwa na skrini yake. Ilichomekwa kwenye televisheni ya familia, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti, kama zile tulizorekodia muziki. Na zipo nchi ambako programu hizo zilirushwa hewani na redio, msikilizaji akazirekodi akiwa nyumbani kwake.

Makala hii inaeleza kompyuta hiyo ilikuwa kitu gani, ilifanya kazi gani, kwa nini Tanzania ilipitwa nayo, na imeacha nini ndani ya simu unayosomea sasa hivi.

Ilikuwa kifaa cha namna gani?

Tuchukue mfano wa iliyouzwa zaidi, Commodore 64. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Januari 1982 katika maonesho ya biashara huko Las Vegas, Marekani, na ikaanza kuuzwa Agosti mwaka huohuo kwa dola 595. Mwaka uliofuata bei ilishuka hadi karibu dola 200. Kampuni ya Commodore ilianzishwa na Jack Tramiel, Myahudi aliyezaliwa Poland na kunusurika katika kambi ya mateso ya Auschwitz. Baada ya vita alihamia Amerika, akaanza na kazi ya kutengeneza mashine za kuchapia. Msimamo wake kibiashara ulikuwa kuuza kompyuta kwa watu wengi wa kawaida badala ya matajiri wachache.

Kwa umbo ilikuwa kibodi nene ya plastiki yenye rangi ya udongo. Kila kitu kilikuwa ndani ya kibodi hiyo. Namba 64 katika jina lake ni kumbukumbu yake: kilobaiti 64. Ili uone udogo wake, picha moja ya kawaida uliyopiga kwa simu yako, yenye megabaiti 3, ingejaza kumbukumbu ya Commodore 64 zipatazo 48. Simu yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 4 inaizidi kwa zaidi ya mara 65,000. Hata kitochi cha siku hizi kinaizidi.

Pamoja na udogo huo, makadirio ya mauzo yake yanaanzia milioni 12 hadi milioni 17 kwa miaka ipatayo 12. Haikuwa peke yake. Uingereza kulikuwa na ZX Spectrum ya kampuni ya Sinclair, iliyotoka Aprili 1982 kwa pauni 125, na BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ili iendane na vipindi vya shirika la utangazaji la BBC vya kuwafundisha wananchi kompyuta.

Kaseti inahifadhije programu?

Kompyuta yoyote, ya zamani au ya leo, inajua alama mbili tu: 0 na 1. Herufi, picha, sauti na hesabu zote hugeuzwa kuwa mfululizo wa alama hizo. Wabunifu wa wakati ule walitambua kwamba alama mbili zinaweza kuwa milio miwili tofauti, na mlio unaweza kurekodiwa kwenye kaseti kama wimbo.

Kwa hiyo mwenye ZX Spectrum alichukua redio kaseti ya kawaida, akaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kucheza. Kompyuta ilisikiliza milio na kuigeuza tena kuwa 0 na 1. Commodore 64 nayo ilikuwa na kinasa kaseti chake maalumu. Ukiiweka kaseti hiyo kwenye redio ukasikiliza kwa masikio yako, utasikia mkwaruzo na mlio mkali, kama redio ya masafa mafupi isiyokaa sawasawa kwenye stesheni.

Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa bei, lakini ya polepole. Kaseti ya Commodore 64 ilisoma herufi kama 50 tu kwa sekunde, hivyo programu kubwa ilichukua dakika 10 na zaidi kuingia. Mwenye fedha alinunua kisoma diski, chombo kilichokuwa cha haraka zaidi lakini ghali.

Watu waliitumia kwa kazi gani?

Watoto wengi waliitumia kucheza michezo, na wazazi wengi waliinunua wakiambiwa itasaidia masomo. Yote mawili yalitokea. Lakini matumizi yake yalikuwa mapana kuliko hayo.

Watu waliandika barua na ripoti, wakazichapa. Wenye maduka madogo waliweka hesabu za mauzo na orodha ya wadaiwa. Wanamuziki waliipenda Commodore 64 kwa sababu ilikuwa na chipu ya sauti yenye uwezo wa kutoa sauti tatu kwa pamoja, jambo geni kwa kompyuta ya bei hiyo. Katika miaka hiyo ya 1980, wamiliki nchini Marekani waliweza kuiunganisha na laini ya simu ya mezani, wakatumiana ujumbe na kucheza pamoja wakiwa miji tofauti. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya intaneti kuwafikia watu wa kawaida.

Jambo moja liliitofautisha na vifaa vya leo. Ukiiwasha, haikukuonesha picha za programu za kubonyeza. Ilikuonesha skrini ya buluu, ikaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya "tayari", kisha ikasubiri. Kama hukuiambia cha kufanya, haikufanya lolote. Ilikulazimu ujifunze angalau maneno machache ya lugha yake, iliyoitwa Basic. Lugha hiyo ilibuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kuitumia kompyuta.

Programu ya mistari minne

Huu hapa mfano unaoweza kufanya kazi kwenye Commodore 64. Tuseme ni msimu wa kahawa, na unataka kujua mzigo wako wa kahawa ya maganda utakupa shilingi ngapi. Unaandika hivi:

10 INPUT K
20 INPUT B
30 PRINT K*B
40 GOTO 10

Mstari wa 10 unaiambia kompyuta isubiri mtu aandike namba, na namba hiyo iitwe K, yaani kilo. Mstari wa 20 ni hivyohivyo, ila namba inaitwa B, yaani bei ya kilo moja. Mstari wa 30 unaiambia izidishe K kwa B na kuandika jibu kwenye skrini. Nyota hapo ni alama ya kuzidisha. Mstari wa 40 unairudisha mstari wa 10 ili impokee mkulima anayefuata.

Ukiandika kilo 180 na bei ya mfano ya shilingi 4,000, inajibu 720000. Ukitaka itoe makato ya chama, unaongeza mstari mmoja. Ukitaka ijumlishe mizigo ya siku nzima, unaongeza miwili. Mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na kompyuta hii aliweza kuandika programu kama hiyo baada ya siku chache za kujifunza. Na aliyeandika hesabu mwenyewe ndiye anayejua kila tarakimu imetoka wapi. Mkulima yeyote aliyewahi kupewa risiti yenye makato asiyoyaelewa anajua thamani ya jambo hilo.

Kwa nini haikufika kwetu

Tanzania haikuchelewa kuijua kompyuta. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru. Ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba, ya kushughulikia hesabu za serikali. Hadi mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba.

Lakini kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikumbwa na matatizo, na serikali ikapata hasara. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache, na vipuri na ushauri vililipiwa kwa fedha za kigeni. Wakati huohuo, miaka ya 1973 na 1974, bei ya mafuta duniani ilipanda sana na ukame ukailazimu nchi kununua chakula nje. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Taasisi iliyozihitaji ilibidi iombe kibali maalumu.

Tuwe waadilifu kwa walioamua hivyo. Nchi isiyo na dola za kutosha kununua ngano na dizeli ilikuwa na sababu ya kuweka kompyuta mwisho wa foleni. Na elimu kwa umma haikusimama, kwani redio ilibeba mzigo huo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujifunza vijijini, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mafanikio hayo ni ya kujivunia.

Tatizo ni kwamba mwaka 1974 neno kompyuta lilimaanisha mashine ya kujaza chumba. Miaka minane baadaye lilimaanisha pia kibodi ya kubebea kwapani. Marufuku iliyowekwa kwa ajili ya ile kubwa ilizuia na ile ndogo. Ilikuja kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980.

Na hata bila marufuku, kulikuwa na kizuizi cha pili: kompyuta ya nyumbani ilihitaji televisheni. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza yake, tena ya rangi, katika miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Aprili, kampuni ya Commodore ilifilisika na Commodore 64 ikakoma kutengenezwa. Kwa hiyo televisheni iliingia sebuleni kwetu wakati kompyuta ya kuchomeka kwenye televisheni ikitoka sokoni.

Hapa Kagera kulikuwa na la ziada. Vita ya 1978 na 1979 ilipiganwa kwenye mkoa wetu, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kutafuta sabuni na sukari. Umeme haukuwa umefika vijijini. Kati ya vitu vyote vilivyohitajika kuendesha kompyuta ya nyumbani, kimoja tu kilikuwepo kwenye nyumba za Bugene na Kaisho: redio kaseti.

Nchi iliyobanwa na forodha ikajiundia yake

Kuna nchi nyingine iliyobanwa na sheria za forodha katika miaka hiyohiyo, na kilichotokea huko kinafaa kujulikana. Ni Yugoslavia, nchi ya Ulaya iliyokuwa pamoja na Tanzania katika kundi la nchi zisizofungamana na upande wowote. Leo haipo tena. Imegawanyika na kuwa nchi kadhaa, Serbia ikiwa mojawapo.

Huko nako uingizaji wa vifaa kutoka nje ulikuwa na ukomo mdogo wa thamani, na kompyuta nyingi za nyumbani ziliuzidi ukomo huo. Mwaka 1983 mhandisi mmoja, Voja Antonić, alibuni kompyuta rahisi ambayo mtu angeweza kuiunganisha mwenyewe nyumbani kwa kulehemu vipuri kwenye bodi. Iliitwa Galaksija. Michoro yake yote ilichapishwa katika toleo maalumu la gazeti la sayansi, bila siri yoyote. Wahariri walitarajia wasomaji mamia kadhaa waijaribu. Maelfu waliagiza vipuri.

Programu zilipatikana wapi? Redioni. Mtangazaji Zoran Modli wa Radio Belgrade, ambaye pia alikuwa rubani wa ndege, alikuwa na kipindi kiitwacho Ventilator 202. Aliwatangazia wasikilizaji waandae kaseti, akahesabu, kisha akarusha hewani ule mlio wa kukwaruza kwa dakika kadhaa. Msikilizaji alibonyeza kitufe cha kurekodi, mlio ulipokwisha akakizima, akaipeleka kaseti kwenye kompyuta, na programu ikaingia. Mawimbi yakichafuka kidogo tu, programu iliharibika. Baadhi ya wasikilizaji walizirekebisha programu hizo, wakaandika zao, na kuzirudisha kituoni ili zirushwe kwa wengine.

Uholanzi nao walifanya hivyo. Kipindi cha redio kilichoitwa Hobbyscoop kilirusha programu kwa mtindo mmoja wa milio ulioitwa Basicode, uliotungwa ili kompyuta za kampuni tofauti ziweze kuelewa programu ileile.

Kwa sisi watu wa redio, hiki ni kisa cha kukumbuka. Vyombo vyake vilikuwa redio, kaseti, chuma cha kulehemu na gazeti. Vyote vilikuwepo Tanzania wakati ule. Kilichokosekana ni michoro iliyo wazi, vipuri vichache na watu wa kushirikiana.

Ukoo wake umo kwenye simu yako

Kampuni ya Acorn, iliyotengeneza BBC Micro, ilihitaji prosesa bora kwa kompyuta zake zijazo. Wahandisi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walibuni prosesa iliyoitwa ARM, na ya kwanza ilifanya kazi Aprili 1985 mjini Cambridge. Ilitumia umeme kidogo sana. Sifa hiyo haikuwa muhimu kwa kompyuta iliyochomekwa ukutani, lakini ilikuja kuwa muhimu kuliko zote kwa kifaa cha betri. Leo karibu simu zote duniani zinatumia prosesa za ukoo wa ARM, pamoja na iliyo mfukoni mwako.

Kwa hiyo kitukuu wa kompyuta ya nyumbani ameshafika Murongo na Isingiro. Tofauti ni namna anavyokupokea. Ukibonyeza *150*00# kutuma fedha, simu inakuuliza namba, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Ni INPUT ileile ya mstari wa 10 na wa 20. Mtu fulani mahali fulani aliandika mistari hiyo, akapanga swali gani lije kwanza na makato yaweje. Sisi tunajibu. Kompyuta ya mwaka 1982 ilimweka mwenye nyumba kwenye kiti cha anayeuliza maswali. Simu inatuweka kwenye kiti cha anayejibu, na tumekizoea.

Hakuna sheria inayomzuia kijana wa Karagwe kukaa kiti kile kingine leo. Marufuku ya 1974 imebaki historia. Mafundi simu wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda wanalehemu vipande vidogo kuliko vyovyote vilivyokuwemo kwenye Galaksija. Kilichobaki ni kujua kwamba inawezekana, na kuanza.

Ukitaka kujaribu

Mwenye simu ya Android anaweza kupakua bure programu inayoiga Commodore 64. Ipakue kutoka duka rasmi la programu la simu yako, usichukue faili la kutumiwa na mtu usiyemjua. Andika ile mistari minne hapo juu, ukibonyeza kitufe cha kushuka mstari baada ya kila mmoja, kisha andika neno RUN na ubonyeze tena kitufe hicho. Itakuuliza kwa alama ya kiulizo. Weka kilo, kisha bei. Ikikataa, angalia kama umesahau herufi. Kompyuta hii haikisii, inasoma ulichoandika tu.

Ukishaizoea, hamia lugha inayotumika kazini leo, kama Python, ambayo nayo ni bure na inaweza kuandikwa kwenye simu. Walimu mnaweza kufanya zoezi hili ubaoni bila kifaa chochote: mwanafunzi mmoja awe kompyuta, mwingine ampe K na B, darasa lifuate mistari mmoja baada ya mwingine. Mzazi mwenye kitochi naye anaweza kukaa na mtoto wake wakaiandika mistari hiyo kwenye daftari la mauzo ya kahawa, wakaifuata kwa kalamu. Jibu litakuwa lilelile.